Mkwe Wangu Alidhani Nimenuna

Watu wananipigia simu. Akiugua mtu huko vijijini, akikosa pumzi, wanasema mpigieni Mama Tumaini wa kijiji cha Yakobi, yule aliyelala na mtungi wa oksijeni akarudi. Wananiuliza nilikunywa nini. Tangawizi kiasi gani, nyungu nilijifukiza majani gani, mkaratusi au mchaichai. Nimechoka kujibu. Ndiyo maana nimekaa niandike, ingawa shule yangu iliishia darasa la nne na mwandiko wangu ni kama kuku amechakura, ili anayetaka asome na simu yangu ipumzike.

Dawa siijui. Nalisema hilo mwanzoni, asiyetaka kuendelea aache hapa. Ninachokijua ni kukaa kwenye benchi, kusubiri, kuogeshwa, na kugombana na watu wenye sheria. Sheria zimenitokea puani.

Hebu nikumbushe zilivyoanza. Kwanza tuliwekewa ndoo za maji kila mlango. Ukienda kununua chumvi unanawa, ukitoka unanawa, na baridi ya Njombe unaijua, maji ya asubuhi yanauma mpaka ndani ya kucha. Kanisani tukapangwa mmoja huku, mmoja kule, kama miche ya parachichi. Kupeana mikono marufuku. Sasa sisi Wabena kusalimiana ni kazi kamili. Ukisema kamwene unasimama, unashika mkono, unauliza nyumba, unauliza ng'ombe, unauliza yule aliyefiwa. Tukaambiwa tupunge mkono kwa mbali kama mtu anafukuza nzi. Nikatii.

Kisha ukaja wakati hakuna aliyetaka kulisikia jina la ule ugonjwa. Ukisema corona watu wanakuangalia kama umetukana. Mtu akifa, alikuwa na changamoto ya upumuaji. Ndoo zikarudi jikoni. Tukapeana mikono, tukabanana kanisani, kwenye pombe ya ulanzi kikombe kikazunguka mdomo kwa mdomo kama zamani. Kabla hatujatulia, ndoo zikatoka tena jikoni zikarudi mlangoni, na barakoa, na chanjo, na yule yule aliyetucheka kwa kuvaa barakoa akawa anatufokea kwa kutovaa. Mimi na sheria hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na mtu anayegeuza sheria halafu anakasirika kwamba wewe hukujua.

Ilikuwa hapo ndoo ziliporudi mlangoni, msimu wa baridi, ukungu haupandi mpaka saa nne, ndipo Tumaini aliponiita.

Tumaini ni binti yangu. Ameolewa Makambako. Mimba mbili zilikuwa zimeshamtoka, hii ya tatu ikamletea presha, wakamlaza Ilembula akae huko huko mpaka ajifungue. Akanipigia. "Mama, nenda ukakae nyumbani kwangu. Nikitoka na mtoto nikukute." Hiyo ndiyo kazi ya mama, kumpokea mjukuu, nami nilikuwa nimeisubiri miaka. Nikafunga blanketi zangu nikaenda. Makambako ni upepo tu. Ukianika khanga asubuhi, jioni unaifuata kwa jirani.

Tatizo ni kwamba Tumaini hakuwepo, nyumbani yuko mume wake tu. Sanga.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi wanakula na wakwe zao sahani moja. Kwetu sisi wa zamani, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Mmoja anaweka chini, mwingine anakuja kuokota. Hawapishani kwenye njia moja. Sanga ni Mkinga wa Makete, ana duka la jumla la mchele na mafuta, na kwa heshima anashinda hata Wabena. Alinijengea chumba uani chenye mlango wake. Nikipika, nafunika chakula chake mezani jikoni, natoka, ndipo anaingia kula. Akiwa na neno, anampigia Tumaini Ilembula, Tumaini ananipigia mimi. "Mama, Sanga anauliza mkaa umeisha?" Na mimi namsikia Sanga ukutani akisubiri jibu.

Na tulikuwa na kikohozi. Kikohozi cha adabu. Akitaka kupita uani anakohoa, mimi najua, naingia ndani. Nikitaka kwenda bafuni nakohoa, yeye anajua, anakaa kwake mpaka nimalize. Mama yangu mzazi alimkoholea mume wangu hivyo mpaka anaingia kaburini. Ni hodi tu.

Mnaona kinakoelekea.

Ugonjwa ulianza na maharage. Niliyabandika, nikakaa pale pale pembeni ya jiko, nayo yakaungua mpaka sufuria ikawa nyeusi, na mimi sikusikia harufu yoyote. Nikaonja, sikusikia ladha. Nikasema uzee. Nikafunika nikamwachia mkwe. Baada ya hapo mgongo ukaanza kuuma, miguu ikawa kama ya mtu mwingine, kisha kifua. Nikaanza kukohoa.

Nikikohoa, Sanga anasubiri. Namsikia kabisa anafungua mlango wake, ananisikia, anaufunga polepole. Anasubiri mama apite. Mama hapiti. Anafungua tena, nakohoa tena, anafunga. Mwisho akawa anatokea mlango wa mbele, anazunguka kwa jirani, anaruka mtaro, ili aende kwenye choo chake mwenyewe. Nilikohoa kutwa nzima. Alizunguka kwa jirani kutwa nzima.

Kesho yake sikuweza kupika. Kumbe huko alikokaa mwenzangu anajumlisha. Nimemlisha maharage yaliyoungua, sasa simpikii kabisa, na kila akitaka kutoka nakohoa kama mtu anayemfukuza. Akaamua nimenuna. Sanga hakuthubutu kumwambia Tumaini, kwa presha yake ile, kwa hiyo akampigia kaka yangu Lutengano huku Yakobi, amuulize mama mkwe anapozwa kwa kitu gani. Kaka yangu hajawahi kuulizwa swali akasema sijui. Akamwambia, "Mama mkwe akikuunguzia chakula, huyo amekasirika sana. Mpelekee kuku. Usiseme neno. Mwache mlangoni."

Nilitoka kutafuta maji, nimeshika ukuta, nikamkanyaga kuku. Alikuwa amefungwa miguu pale kizingitini. Akapiga kelele, na mimi nikaenda chini. Nikawa nimelala ubavu, uso kwa uso na kuku, tunatazamana, wote wawili midomo wazi.

Sanga akaja mpaka kwenye kona ya nyumba, akageuka, akanipa mgongo.

"Shikamoo mama. Kuku umemwona?"

Marahaba haikutoka.

"Mama, kama nimekosa, nisamehe. Kosa lenyewe silijui, lakini nisamehe."

"Sanga," nikasema. Sikuwa nimewahi kumtaja jina. "Sina pumzi."

Bado amenipa mgongo. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeogopa jibu: "Mama, hicho kikohozi ni cha njia au cha kifua?"

"Cha kifua."

"Tangu lini?"

"Tangu maharage."

Nasema kwa wanaonipigia simu: ukimsikia mtu wako anakohoa, muulize. Usikae chumbani kwako ukatafsiri.

Nilimwambia asinishike, atafute mwanamke. Akaenda kwa majirani. Wakaja mpaka kwenye ua wa michongoma, wakasimama hapo, wakauliza anakohoa? Akasema ndiyo. Wakabaki kwenye michongoma. Siwalaumu, ndivyo redio ilivyowaambia, kaeni mbali. Basi Sanga akavua koti, akalitandika kichwani kwangu nisimwone, akanibeba. Mtu mzima nimefunikwa koti kama mbuzi aliyeibwa, naingizwa kwenye gari la mfanyabiashara mwenzake, vioo vyote wazi kwa sababu ya sheria ya hewa, na upepo wa barabara ya Njombe unanikata masikio.

Hospitali sitaitaja, maana walinitibu, na nitakayoyasema yalikuwa kila mahali. Pale mapokezi kulikuwa na benchi refu limepigwa rangi nyekundu alama ya mkasi, kaa hapa, usikae hapa. Wagonjwa wamesimama, benchi nusu tupu. Mzee mmoja wa Ludewa akachoka, akakaa kwenye mkasi.

"Mzee, hapo pamekatazwa," mlinzi akamwambia.

"Basi njoo unishike nisianguke."

"Kushikana pia kumekatazwa."

"Sasa kilichoruhusiwa ni kipi, kijana?"

Mlinzi akafikiri. "Kusubiri," akasema.

Tukasubiri. Nikabanwa kidole na kile kidude cha kupima pumzi, nesi akakitazama, akaacha kutania watu. Nikapelekwa wodini. Mlangoni akasema sheria: msindikizaji mmoja, akiingia harudi nje mpaka mgonjwa atoke, na habadilishwi. "Nani anabaki?"

Sanga alikuwa nyuma yangu, anatazama sakafu.

"Huyu ni mkwe wangu," nikamwambia nesi.

"Hongera."

"Hujanielewa, mwanangu. Hawezi kuniuguza. Hawezi kunivua."

"Mwingine yuko wapi?"

Mwingine. Binti yuko Ilembula na presha. Kijana wangu Festo yuko Songea, naye anakohoa. Kaka Lutengano alipopigiwa alisema yeye ni mzee, na sheria inasema wazee wakae ndani, na sheria lazima tuiheshimu.

Nesi akavuta pumzi nyuma ya barakoa yake. Akamchukua Sanga pembeni, akamvalisha gauni la plastiki, kofia, barakoa, miwani mikubwa kama ya mchomea vyuma, glavu. Akamrudisha mbele yangu.

"Sasa mama, angalia vizuri. Unamwona mkwe wako hapa?"

Nikaangalia. Plastiki tupu.

"Simwoni," nikasema.

"Basi tumemaliza."

Hivyo ndivyo nilivyouguzwa na mtu asiyekuwepo. Kulala kifudifudi mchana kutwa, kwa sababu daktari alisema mapafu yanapenda hivyo, na mpira puani unaokausha pua mpaka inatoa damu. Kukosa hewa sijui nikueleze vipi. Ni kama kunywa uji kwa mrija ulioziba. Unavuta kwa nguvu zako zote, unapata tone. Kulikuwa na kuogeshwa kitandani. Kulikuwa na kile chombo cha kujisaidia, na hapo ndipo nililia, si kwa maumivu, kwa hasira, kwamba nimeishi na adabu yangu miaka yote nije niipoteze kwa kukosa pumzi. Yule mtu wa plastiki alikuwa akinishika huku kichwa amekigeuzia ukutani. Alijifunza kufanya kila kitu kwa kupapasa. Siku moja alininywesha uji huku anatazama dirishani, ukaingia sikioni. Akafuta sikio, akajaribu tena.

Miguu yangu ilikuwa barafu. Akatafuta chupa ya maji, akajaza ya moto, akaifunga kwenye soksi, akaniwekea kwenye nyayo. Hakuna aliyemtuma. Kwenye vitabu vya dawa sidhani kama imo hiyo, lakini mimi nikiulizwa kilichoniponya ndiyo naitaja kwanza, na watu wanakata simu.

Kisha Tumaini akashikwa na uchungu.

Simu ililia Sanga akiwa ananipangusa mgongo. Akaiweka sikioni juu ya kofia ya plastiki, na kwa sababu hakusikia vizuri akaongeza sauti, na mimi nikasikia yote. Presha imepanda, wanampeleka kupasuliwa, Tumaini analia anamtaka mume wake. Kutoka Njombe mpaka Ilembula si mbali kwa mwenye gari. Lakini akitoka harudi, na mimi nabaki peke yangu, na siku ile nilikuwa siwezi hata kujigeuza.

"Nenda," nikamwambia.

Mkwe hajibizani na mama mkwe.

"Sanga, nakwambia nenda kwa mke wako."

Akageuzia kichwa ukutani, akaendelea kupangusa mgongo. Simu imewekwa kitandani, Tumaini bado anasema. "Uliyemuoa ni mimi au ni mama?" Nilisikia hilo kwa masikio yangu. Halafu ikakatika.

Mtoto alitoka mzima, wa kiume. Tumaini alipona mshono peke yake, hakuna mama, hakuna mume. Na sheria zote za mita na wasindikizaji zilifuatwa siku ile, hakuna hata moja iliyovunjwa. Nani nimkasirikie hapo? Nilikasirikia dari.

Nilitoka baridi ikiwa inakatika. Sikurudi Makambako, nililetwa kwangu Yakobi. Nywele zilidondoka zikabaki kama za mtoto. Kutoka kitandani mpaka jikoni nilikuwa napumzika njiani kama mtu anayepanda mlima. Mvua za kwanza watu wakapanda viazi, mimi nimekaa kwenye kigoda nawatazama tu, nawaambia matuta yamepinda. Mianzi ikaanza kutoa ulanzi, nikapelekewa kikombe changu peke yangu, kimewekwa mbali, na mletaji ameshakimbia. Nilikuwa nimepona na cheti ninacho, lakini walinikwepa kuliko nilipokuwa naumwa. Tumaini hakupiga simu. Festo ndiye aliyenitumia picha ya mtoto, nayo macho yangu hayaoni vizuri kwenye kioo kidogo. Niliona blanketi.

Nilipoweza kutembea mpaka barabarani nikasema nakwenda kumwona mjukuu. Ndipo Kaka Lutengano alipokuja, amevaa koti la kanisani, nikajua ni kikao.

"Makambako huendi," akasema.

"Kwa nini?"

"Mkwe wako amekuona. Amekugusa. Mambo hayo yana utaratibu wake. Alete mbuzi, tukae wazee, tuwasafishe. Kabla ya hapo wewe hukanyagi kwake, na yule mtoto haletwi hapa."

"Alinishika kwa glavu, kaka."

"Glavu hazimo kwenye utaratibu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Si walisema msindikizaji mmoja?"

"Walisema mmoja. Ungekuwa wewe."

Akaanza kuangalia viazi vyangu. Akasema vimeota vizuri. Nikamwambia viache viazi. Akasema Sanga mwenyewe amekubali, anatafuta mbuzi, na anasema kabla hajamleta hawezi kuonekana mbele yangu kwa aibu.

Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Serikali ilinikataza kushika mikono, hospitali ikanikataza kuchagua wa kunishika, sasa ukoo unanikataza kwa sababu nilishikwa. Kila mwenye sheria alikuja na yake, na hakuna aliyekuja na chupa ya maji ya moto. Nikamwambia, "Kaka, mbuzi akija mle. Mimi sitakuwepo." Kesho yake nikapanda gari.

Duka la Sanga liko upande wa stendi. Nilimkuta Tumaini kwenye kaunta, amekonda, anapima sukari. Aliponiona akasimama na kijiko mkononi. Nilidhani atanifukuza. Alinitazama nywele zangu, akatazama ninavyoegemea mlango, uso ukalegea.

"Shikamoo mama. Umekuja peke yako?"

"Marahaba. Yuko wapi mtoto?"

Tumaini akaelekeza kijiko nyuma, kwenye magunia ya mchele yaliyopangwa mpaka karibu na dari.

"Baba yake alikuona unashuka garini. Amekimbilia huko, na alikuwa amembeba. Ukimtaka mjukuu wako, zungumza na magunia."

Nikazungumza na magunia.

"Sanga."

Gunia moja likasogea kidogo.

"Sanga, nimekuja kumwona mtoto."

"Shikamoo mama," magunia yakajibu. "Mbuzi bado sijapata mzuri."

"Nani amekuomba mbuzi?"

"Mjomba amesema..."

"Mjomba alikwambia uniletee kuku, nikamwangukia. Mtoe huyo mtoto."

Nikasikia anahama hama huko nyuma. "Nitamlaza hapa juu ya gunia la pembeni," akasema, "halafu nizunguke mlango wa nyuma, ndipo mama umchukue."

"Ataanguka," Tumaini akasema, wala hakuinua macho kwenye mizani. "Na akianguka mtanijua wote wawili."

"Nipe mkononi," nikasema.

"Mama."

"Ulinipangusa mgongo siku anazaliwa. Hukwenda kumpokea kwa sababu yangu. Nipe mkononi."

Tumaini aliacha kupima sukari, mteja mmoja mlangoni naye akatulia. Kisha Sanga akatoka kwa ubavu, uso ameugeuzia ukutani kama pale wodini, mtoto amemnyoosha mbele yake kwa mikono yote miwili. Nikamwendea. Nikaingiza mikono yangu chini ya mtoto, vidole vyangu vikakutana na vyake, vikavu, vina vumbi la mchele. Alitaka kuvitoa haraka. Sikumwachia mpaka nilipokuwa nimemshika mtoto vizuri, maana nguvu zangu bado zilikuwa hazijarudi zote.

"Nitazame," nikamwambia.

Ikabidi atazame. Na mimi nikamtazama, hana barakoa, hana miwani, mtu mwenye uso. Akashindwa kujizuia, akatabasamu. Miaka yote tangu amuoe binti yangu, nilikuwa sijui kwamba mkwe wangu ana mwanya.